Msituletee ubao wa umeme, tufungulieni kwanza ile maabara

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule mzazi aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki mbili zilizopita, kwamba shule ya mtoto wake imewaomba wazazi wachange hela ya smatibodi, ule ubao mkubwa unaoguswa kama simu, na yeye anaunga mkono kwa sababu ati ndio masomo ya kisasa ambayo mwanafunzi anakuwa katikati. Mzee, nakuheshimu, na nimefurahi kuona mzazi anawaza mambo haya badala ya kuuliza tu mtoto amepata ngapi, lakini hapo kwenye neno katikati ndipo tulipoachana. Mi nina miaka kumi na minne darasani, nafundisha Kiswahili sekondari hapa Busia, mpakani na Kenya, na huo ubao nimeuona kwenye shule moja nisiyoitaja, na nitakwambia nani anakaaga katikati yake. Mwalimu. Anasimama mbele kama zamani, anagusagusa, watoto wanatazama kama zamani, alafu wanaandika kwenye daftari. Tofauti ni kwamba zamani chaki ikiisha unatuma mtoto ofisini anakuletea nyingine, sasa umeme ukikatika somo limekufa hapo hapo.

Msinielewe vibaya, sio kwamba nachukia teknolojia. Naipenda sana na ndio maana naandika.

Shule niliyofundisha kabla ya hii ililetewa kompyuta ishirini. Siku hiyo kulikuwa na hotuba, utepe ukakatwa, tukapiga picha, watoto wa S1, yaani kidato cha kwanza, wakaimba. Zikawekwa kwenye chumba chenye madirisha ya vyuma na mlango wa vyuma, ufunguo ukakaa kwa basa, yaani mhasibu wa shule, alafu wasichana wa ushonaji wakaambiwa washone vitambaa vya kuzifunika zisiingie vumbi. Vilikuwa vitambaa vizuri kweli, vya maua. Wanafunzi walikuwa wanaingia mara moja kwa wiki, siku ya Alhamisi, wakati darasa lina watoto 84, na mara nyingi hiyo Alhamisi ilikuwa na mkutano au basa ameenda benki, kwa hiyo mwalimu wa kompyuta akawa anafundishia darasani, kwa chaki, anachora skrini, anachora kibodi. Kwenye mtihani wa mwisho wa muhula kuna msichana alichora mausi vizuri mpaka na mkia wake na vibonyezo viwili, akapata alama zote, na alikuwa hajawahi kuishika mausi ata siku moja maishani mwake. Nilimuuliza basa kwa nini tusiache chumba wazi mpaka saa kumi na mbili jioni, mwalimu mmoja akae pale, watoto waingie wajaribu wenyewe. Akanijibu, wataziharibu. Sasa kompyuta isiyotumika inaharibika taratibu tu bila mtu kulaumiwa, nadhani hiyo ndio tofauti aliyokuwa anaiona yeye.

Na mimi pia nina dhambi zangu, wacha niziseme kabla mwenzangu mmoja wa stafurumu hajaniandikia barua ya kunijibu. Nilipopata projekta ya kuazima nilikesha siku mbili natengeneza slaidi za ngeli. Ngeli ya A-WA rangi ya kijani, ngeli ya KI-VI rangi ya chungwa, maneno yanaingia yakizunguka, picha za wanyama, yaani kazi ya nguvu. Watoto walipiga makofi, ni kweli walipiga makofi. Wiki iliyofuata nikawapa zoezi, wakaniandikia "kitabu yangu" vile vile kama kawaida. Nikakaa nikafikiria sana lile jambo. Nilichokuwa nimefanya ni kuhamisha ubao tu, kazi yenyewe nilikuwa nimeifanya mimi usiku nyumbani, kutafuta mifano, kupanga, kulinganisha, kukosea na kurekebisha, yaani aliyejifunza ngeli zile siku mbili ni mimi ambaye nazijua tayari!! Wao walichobakiza ni kukopi.

Sasa nije kwenye kilichonibadilisha, na hapa naomba mhariri usinikatie sana maana ndio sababu ya barua yote.

Mnajua huu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ule wa umahiri kutoka kituo cha mitaala, NCDC. Kila mada inafungwa na kazi ya kutumia ulichojifunza kwenye hali halisi, AOI tunavyoiita, na alama za kazi za darasani zinachukua asilimia 20 ya matokeo ya mwisho, zile 80 zinabaki kwa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Darasa la kwanza kufanya UCE, ule mtihani wa kumaliza S4, kwa mtindo huu ni la 2024. Kiswahili humo ni lazima kwa S1 na S2, na baraza la mawaziri Julai 2022 likaongeza kwamba kiwe lugha rasmi na kifundishwe lazima mpaka msingi. Nzuri. Lakini walimu wa Kiswahili wako wapi? Mi peke yangu nina madarasa sita. Na hesabu yangu ni hii, kipindi ni dakika 40, watoto 84, nikisema kila mmoja aongee Kiswahili ata kidogo na mimi mwenyewe ninyamaze kabisa, kila mtoto anapata sekunde 28. Salamu tu ya heshima inamaliza hizo sekunde.

Basi mwaka juzi S2 nikawapa AOI ya soko. Nilikuwa na simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, haina laini, nikaitia memori kadi niliyonunua shilingi 15,000. Mwenzangu wa jiografia akatoa ya kwake, wazazi wawili wakatuazima zao, simu nne. Vikundi vikazipokezana siku nne. Kazi ni kwenda sokoni kwa mama mmoja anayeuza samaki, kumsalimia vizuri, kumuomba ruhusa, kumhoji kwa Kiswahili na kurekodi dakika tatu tu, sio zaidi. Alafu mrudi msikilize, muandike alichosema neno kwa neno, na mwisho mtengeneze mwongozo wa ukurasa mmoja wa kumsaidia mgeni kutoka Tanzania anunue samaki Busia bila kupunjwa. Hakuna intaneti, hakuna bando, ni ile programu ya kurekodi sauti inayokujaga na simu.

Jamani. Mi nilidhani watarudi na makelele ya soko tu.

Kikundi cha kwanza kilirudi na mama mmoja anayeuza mukene. Walipomsikiliza wakakuta kwamba mteja wa Kenya akija pale anaita omena, na dereva wa lori wa Tanzania aliyesimama naye akaita dagaa, samaki yule yule, karai lile lile, majina matatu ndani ya dakika tatu. Kikundi kingine kikaleta mputa, ambaye ng'ambo hapo Kenya anaitwa mbuta na Tanzania ni sangara. Wakaanza wenyewe kutengeneza jedwali, sikuwaambia. Na bei, kwa sababu yule mama anataja bei kwa hela za kwetu alafu kwa hela za Kenya bila kupumua, siku ile shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 28 za Uganda, kwa hiyo wakalazimika kupiga hesabu ili waelewe ametaja nini, na mmoja akagundua kwamba akitaja kwa hela za Kenya anapandisha kidogo. Hilo sikuliweka kwenye mpango wangu wa somo, na yule mama nadhani asingefurahi kuliona kwenye mwongozo!

Lakini kubwa ni hili. Yule mama kwenye rekodi anasema, "hii mukene natoa Majanji", yaani kule ziwani. Mtoto mmoja akaandika "hawa mukene". Mwenzake akamwambia amesema hii, andika hii. Wa tatu akasema ata kama amesema hii, samaki ni ngeli ya A-WA kwa hiyo kwenye mwongozo lazima tuandike hawa. Wa nne akasema samaki aliyekufa na kukaushwa juani siku mbili bado ana ngeli ya viumbe hai kweli? Wakarudisha rekodi nyuma, wakasikiliza tena, wakarudisha tena, mmoja ameweka simu sikioni wengine wamemzunguka, wanagombana, na kipindi kikaisha, kengele ikalia ya chakula, POSHO, ugali wetu, imeiva, na hawakutoka. Mhariri, unaelewa maana ya watoto wa bweni kutotoka kengele ya posho ikilia? Wanabishania ngeli! Zile zile nilizozikeshea siku mbili na rangi zangu za chungwa. Nilikuwa nimekaa kwenye dawati la nyuma, nikajizuia nisijibu, na kujizuia huko ndio kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya shuleni. Mwishowe walinijia, nikawaambia sanifu ni samaki hawa, awe hai awe mfu, ila yule mama naye hajakosea sokoni kwake, na hiyo ndio sababu mnaandika mwongozo.

Kuna kijana mmoja wa darasa lile anakaaga nyuma karibu na dirisha lililovunjika, kwao wanaongea Ateso, darasani alikuwa haongei kabisa, nikimuuliza anaangalia chini mpaka namuacha. Kazi ya kikundi chao ilikuwa imalizike kwa kusoma mwongozo kwa sauti kama tangazo la redio, na wenzake wakamchagua yeye, nadhani kwa utani. Akaomba alale na simu. Asubuhi nikafungua folda nikakuta faili kumi na moja. Ya kwanza ina sekunde tisa, anajikwaa anaacha. Ya pili hivo hivo. Ya tano kuna mbuzi analia na mtu anamwambia nyamaza watu wamelala. Ya nane amefika katikati. Ya kumi na moja ameisoma yote kutoka "Karibu Busia ndugu mgeni" mpaka mwisho, haraka haraka kidogo lakini yote. Mara kumi amekosea na hakuna aliyecheka, hakuna mwalimu aliyesema next, simu haina haraka na haichoki. Kwenye darasa langu la sekunde 28 huyu kijana angejaribu mara kumi na moja wapi?

Kwa hiyo mzee wa smatibodi, mi nikisikia mwanafunzi katikati swali langu siku hizi ni moja tu, kifaa kimeshikwa na nani na nani anatoka jasho.

Najua kuna watakaosema hayo ni Kiswahili, lugha ni rahisi, njoo kwenye sayansi. Sawa, twende. Mwenzangu wa fizikia, huyu hana ata projekta, anatumia kadi nne za rangi alizokata kwenye maboksi ya biskuti, kila mtoto ana seti yake, A B C D. Anauliza swali moja, mfano lori la mahindi limegongana na boda uso kwa uso, nani amempiga mwenzake kwa nguvu zaidi? Kila mtu ananyanyua kadi kwa pamoja. Karibu darasa zima wananyanyua lori. Wachache wananyanyua sawa sawa. Hapo hasemi jibu, anawaambia mgeukie jirani yako mwenye kadi tofauti umshawishi, na dakika tatu hizo darasa linakuwa kama stendi ya mabasi, alafu wanapiga kura tena. Nguvu ni sawa bwana, kinachotofautiana ni uzito wa aliyepigwa, ndio maana wa boda ndio anaumia. Mbinu hii sio yake, ilianzishwa na profesa mmoja wa fizikia wa Harvard, Eric Mazur, mwaka 1991, baada ya kugundua wanafunzi wake wanaojua fomula zote wanashindwa maswali madogo kama hilo la lori. Baadaye zikaja mashine ndogo za kubonyeza jibu, pia kuna programu inaitwa Plickers ambapo mwalimu mwenye simu moja anapiga kamera darasa zima na inasoma kadi za karatasi za watoto, anaona hapo hapo nani kaelewa. Nzuri sana hiyo, tuliijaribu, intaneti ilivyosumbua tukarudi kwenye maboksi ya biskuti. Na watu walishafanya utafiti wakalinganisha darasa la kadi za karatasi na darasa la mashine, wakakuta wameelewa sawa tu, kinachofanya kazi ni yale mabishano na jirani. Mashine inamsaidia mwalimu kuhesabu haraka. Ina faida, ila ndio hiyo.

Na kama unadhani mi natania, angalia Peru. Wao walinunua laptopu karibu laki tisa, zile ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa laptopu moja kwa kila mtoto, wakagawa mpaka vijijini. Ripoti ya tathmini ilipotoka 2012 ikasema hesabu na lugha za watoto hazikupanda. Laptopu zilifika, ila walimu hawakuonyeshwa kazi gani ya darasani ibadilike.

Tena sisi Uganda hatuhitaji kwenda Peru. Machi 2020 tulifunga shule, wakafungua kidogo kwa madarasa ya mitihani, wakafunga tena, mpaka tarehe 10 Januari 2022 ndio watoto wote wakarudi, karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu hivyo. Tukaambiwa tufundishe kwa simu. Nilikuwa napiga picha kurasa za noti zangu natuma kwenye WhatsApp ya wazazi, najiona mwalimu wa dijitali. Simu ni ya baba, baba anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda mpakani, anarudi saa tatu usiku, chaji imeisha, mtoto amelala. Waliosoma ni wale wenye simu ya ziada nyumbani. Shule zilipofunguliwa baadhi ya wale wengine nikawaona wanauza maji stendi, wawili hawakurudi mpaka leo. Kwa hiyo mtu akiniambia mpindue darasa, mtoto atazame video nyumbani na shuleni mfanye mazoezi, nasema wazo ni zuri, lakini hiyo video itazamwe hapa hapa shuleni jioni kwenye maabara kama ile ya vitambaa vya maua, maana nyumbani hakuko sawa kwa wote.

Bando nalo ni kisa. 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii, Julai 2021 ikaondolewa ikaja asilimia 12 kwenye data. Sheria ilisema data ya elimu na tiba isamehewe, lakini bando langu mi nanunua kwenye kibanda cha mobile mani pale kona, halijaandikwa elimu popote. Kwa hiyo sisi tumejifunza kuishi bila intaneti. Mwenzangu wa kompyuta ameweka programu mbili kwenye laptopu moja ya shule, moja inaitwa Kolibri, ina masomo na video na mazoezi, nyingine Kiwix, ambayo inabeba Wikipedia nzima ndani ya faili. Unapakua mara moja tu ukiwa mjini kwenye waifai nzuri, alafu laptopu inakuwa kama stesheni, simu na tableti zilizo karibu zinajiunga nayo bila ata senti ya data. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, nyingi fupi sana, na wanafunzi wangu waliliona hilo haraka kuliko mimi. Msichana mmoja alisoma makala ya mji mmoja wa kwetu akaniuliza, Mwalimu, mbona wameandika mistari mitatu tu, nani anaandikaga hizi? Nikamwambia, yeyote, ata wewe. Akaniangalia kama nimemdanganya. Sasa ana karatasi mbili amejaza mambo ya mji huo, anasubiri siku tutakayopata intaneti.

Mahindi pia nitaje haraka. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, malori yakapanga foleni hapa na watoto waliyaona kwa macho. Kikundi cha kilimo kikaenda kupiga picha namna watu wanavyoanika mahindi kwao, ya kwenye turubai, ya kwenye ardhi tupu, ya pembeni ya lami boda zikipita juu yake. Mtoto mmoja alipiga picha ya kwa bibi yake mwenyewe, akaandika chini yake "hii ni mbaya". Bibi ameshanunua turubai, naambiwa.

Sasa matatizo, maana yapo na nisipoyataja mtasema nauza simu.

Wavulana wananyakua kifaa. Kila kikundi, bila kukosa, wasichana wanabaki kushika daftari. Tukaweka sheria kwamba anayeshika simu hahoji, na mshikaji anabadilika kila kituo. Inasaidia, sio mara zote.

Simu za wanafunzi zimekatazwa shuleni na hilo mi sipingi, nimeona usiku bweni linavyokuwa. Ndio maana nasema simu za shule, zisizo na laini, sita au nane, zinakaa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, zinatoka kwa kusaini na zinarudi kwa kusaini. Fundi seremala alitutoza kidogo tu.

Na kubwa kuliko yote, wizi wa kazi. Hizi AOI na projekti zimetengeneza biashara kwenye kafe za intaneti, mtoto anapeleka swali jioni, kijana wa kafe anamchapia, anamjalidia mpaka na kava ya plastiki. Nimepokea kazi mbili za watoto wasiojuana zenye kosa lile lile kwenye mstari ule ule. Wazazi wanalipa, mzee, tena wanajua. Siku hizi ndio imezidi na hizi programu za akili mnemba, unaiandikia swali inakutapikia insha sanifu mno, mwanafunzi wangu mmoja wa kutoka Masafu hapa jirani ghafla ananiandikia "aghalabu" na "ilhali" kwenye sentensi moja, nikimuuliza aghalabu ni nini anasema ni aina ya chombo. Nilicheka mpaka machozi, lakini usiku nilikosa usingizi maana hapo mtoto yuko pembeni kabisa, katikati yuko kijana wa kafe na mashine. Dawa niliyoipata mpaka sasa ni kukataa karatasi peke yake. Niletee sauti, niletee picha ya mlipoanzia na ya mlipokosea, alafu simama nikuulize maswali mawili. Kazi ya faili kumi na moja huwezi kuinunua kafe. UNESCO nao kwenye ripoti yao ya 2023 ya teknolojia na elimu waliuliza swali la karibu na langu, hivi vifaa vinakuja kwa masharti ya nani, na mi sijaona mkutano wa wazazi ambapo swali hilo liliulizwa, tunaulizwa tu mchango ni shilingi ngapi.

Kwa hiyo mzee mwenzangu, mkutano ujao ukifika, kabla hujatoa hela, simama umuulize mkuu wa shule ufunguo wa maabara uko kwa nani na unafunguliwa saa ngapi. Muulize mtoto wako mwenyewe wiki hii ameshika kompyuta dakika ngapi kwa mkono wake. Akikujibu sifuri, basi hela ya smatibodi inunue simu za mitumba za kutosha, memori kadi, spika ndogo moja, sola ya kuchajia, na chenji ibaki ya kumlipa mtu wa kukaa maabara mpaka saa kumi na mbili jioni. Na mwalimu apewe siku mbili tatu za kufundishwa namna ya kukaa dawati la nyuma na kunyamaza, hiyo haimo kwenye boksi la smatibodi.

Yule mama wa mukene bado ananidai, kila nikipita ananiuliza sauti yake iko wapi, anataka kujisikia. Jumatatu S2 B wanaenda kwake, nimewaambia wampelekee ile rekodi ya kwanza kabla ya kumuomba nyingine. Naomba niishie hapa, ile simu ina asilimia 6 na umeme hapa kwetu haujatulia tangu asubuhi.

Mwalimu wa Kiswahili,
Busia, Uganda